Mafuta ya Chumba cha Mashine

Harufu ya kondoo ndiyo iliyomfikia Milcah kwanza. Nyumba nzima ile ya Al Rayyan, kando ya Doha, ilinukia udi, lakini chumba cha nyuma, alipoingia kufagia, kilinuka kama zizi la shangazi yake wakati wa mvua. Harufu ilitoka kwenye kopo dogo juu ya meza, lenye picha ya kondoo. Ndani mlikuwa na mafuta mazito ya manjano, yenye michirizi ya kijivu.

Chumba kilikuwa cha Baba mwenye nyumba. Alikuwa na kibali cha bunduki, na Ijumaa alikwenda Lusail kulenga shabaha. Risasi zake alizitengeneza mwenyewe. Hakuyeyusha chochote. Alikata vipande vya waya mnene, akavitia kwenye vikombe vidogo vya shaba, akavibana kwa mashine ya mkono mpaka vikachongoka. Hakukuwa na moto wala moshi, kwa hiyo watu wa nyumba ile walikiona chumba hicho kisafi kama sebule.

Kwao Milcah, mtoto haogeshwi akaachwa bila kupakwa mafuta. Mtoto aliyepauka ni aibu ya anayemlea. Na Ghanim, mwana wa nyumba, aliyekuwa ameanza tu kutambaa, ngozi ilimpasuka kwa baridi ya kiyoyozi, na losheni ya mama yake ilimwasha. Milcah angeomba mafuta mengine, lakini kuomba kulimshinda. Tangu afike Doha alijua kujibu "ndiyo" na "sawa", basi. Akachota kwenye kopo la kondoo, akiamini mafuta ya mnyama hayamdhuru mtoto. Ngozi ikalainika. Kesho yake akachota tena, na wiki nzima ikapita hivyo.

Alhamisi Kiprop, dereva, Mkalenjin mwenzake, aliingia jikoni akaanza kusugua mikono kwenye sinki kama mtu aliyetoka kuchinja.

"Umeua nani?" Milcah akamuuliza. Ni Kiprop peke yake ambaye Milcah alithubutu kutaniana naye.

"Nilikuwa namsaidia Baba na mashine yake. Ananiambia ninawe vizuri kabla sijashika kikombe cha chai. Ule waya ni madini ya risasi, dada. Ni sumu. Mtu mzima anaweza kustahimili, lakini mtoto inamharibu mpaka akili." Akacheka. "Na yeye mwenyewe, vidole vimejaa vumbi la waya, anavitumbukiza kwenye yale mafuta ya kulainisha vikombe visikwame. Kopo lote limegeuka kijivu."

Mwiko ukamtoka Milcah mkononi.

"Sasa wewe umeona nyoka?"

"Umeteleza tu," akasema.

Ghanim alikuwa sakafuni, miguuni pake, ngumi mdomoni, akiinyonya kama muwa. Milcah akambeba mbio hadi bafuni, akamsugua kwa sabuni mpaka mtoto akalia. Kwenye mikunjo ya shingo palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu. Alikuwa akiuona siku zote, akidhani ni nongo ya jasho.

Jioni mtoto alikataa uji. Usiku akatapika. "Ni meno," mama yake akasema, na Milcah akajibu, "Ndiyo, Mama." Alilala macho wazi. Maneno yalijipanga yenyewe kichwani mwake: mfanyakazi amempaka mtoto sumu. Nani angengoja kusikia mengine? Aliwaza polisi, akawaza mlango wa chuma, akawaza mama yake mzazi kule nyumbani akipigiwa simu na mtu asiyemjua.

Asubuhi Kiprop aliwapeleka kliniki, Abu Hamour. Daktari akambonyeza Ghanim tumbo, akauliza kama amekula au amepakwa kitu kigeni.

"Hakuna," Mama akasema. "Ni meno tu."

Daktari akaandika dawa ya tumbo. Mama akainuka, akajitanda shela, akamkabidhi Milcah mtoto. Ghanim alilegea begani pake, kimya, yeye ambaye hakosi kuvuta nywele za mtu. Kiprop alishafungua mlango wa gari nje. Miguu ya Milcah ilikataa kuvuka kizingiti.

"Twende," Mama akasema.

Milcah akageuka, akamtazama daktari, kisha Mama. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, na sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Si meno, Mama. Nilimpaka mafuta ya chumba cha Baba, yale ya mashine, wiki nzima. Yana madini ya risasi. Mnifanye mtakavyo, lakini kwanza mpimeni damu."