Jibu la Swali la Tisa

Hostia za parokia yetu, ile mikate myembamba ya komunyo, naoka mimi, na kwa miaka kumi na minne mume wangu hakuonja hata moja.

Nasema mume wangu kwa sababu Kanisa lenyewe linasema hivyo. Serikali ilitupa talaka, akaenda ofisi ya wilaya akafunga ndoa nyingine na mwanamke ninayemwita Mpangaji, kwa kuwa anakaa kwenye nyumba isiyo yake. Lakini mbele ya altare mke ni mimi, na anayeishi na mwingine haruhusiwi kupokea. Kwa hiyo kila Jumapili watu wakipanga mstari kwenda kupokea komunyo, hao wawili walibaki benchini, mikono mapajani, wakisoma matangazo ya wiki iliyopita. Mkate nimeoka mimi, yeye anaula kwa macho. Sitawaficha, roho yangu ilikuwa inasuuzika.

Yeye ni kinyozi, na duka lake linatazamana na geti la kanisa. Mimi ofisi yangu ni chumba cha nyuma ya ukumbi wa parokia, dirisha moja lenye wavu, meza ya bati na chuma cha sahani mbili chenye msalaba uliochongwa ndani. Kazi yenyewe ni unga wa ngano na maji tu. Chumvi hapana, hamira usiitaje kabisa. Unakoroga uji mwepesi, unamimina kijiko, unafunga chuma, mvuke unapiga kelele, unatoa chapati nyembamba nyeupe. Ukiikata papo hapo inapasuka, kwa hiyo unailaza kwanza kwenye kitambaa chenye unyevu hadi ilegee. Zinazovunjika nazinywea chai, maana hazijawekwa wakfu bado. Parokia nzima wananiita Mama Hostia.

Paroko mpya alipokuja, alianzisha mazungumzo ya Jumatano jioni kuhusu walioachana wakaoa au kuolewa tena. Parokia ikagawanyika pande mbili. Wengine walisema Bwana alikula na wenye dhambi, sisi ni nani tuwanyime watu meza. Wengine tulisema ndoa ni ndoa, na mimi ndiye niliyekuwa kinara. Mwalimu wa kwaya akasimama akasema anayehitaji dawa ni mgonjwa. Nikamjibu kwamba dawa anapewa anayekubali kuwa anaumwa, si anayelala na ugonjwa wake kitanda kimoja. Watu walicheka hadi mwalimu wa kwaya akakaa chini. Kinyozi alikuwa kiti cha nyuma kabisa, na nilihakikisha amenisikia.

Kisha binti yetu akachumbiwa. Ni mtoto wetu wa pekee, na alichotuomba ni kimoja tu: siku ya harusi yake, baba na mama wote wapokee komunyo pamoja naye. Aliniambia mimi jikoni kwangu, akaenda kumwambia baba yake dukani. Mimi nililichukua kama ombi la mtoto asiyejua dunia. Baba yake alilitia moyoni, akaenda kufungua kesi kwenye mahakama ya ndoa ya jimbo letu la Kanisa, ili itamkwe kwamba ndoa yetu ilikuwa batili tangu siku ya kwanza.

Ndivyo nilivyopata bahasha ya kahawia yenye fomu ya maswali kumi na manne. Swali la tisa liliuliza hivi: kabla ya kufunga ndoa, je, mwenzako aliwahi kusema au kuandika kwamba ndoa hiyo inaweza kuvunjwa?

Aliwahi. Wiki tatu kabla ya harusi aliniandikia barua, na niliijua kwa kichwa. "Nakuoa kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Tujaribu. Ikishindikana, kila mtu ashike njia yake bila lawama." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikadhani hiyo "tujaribu" ni aibu ya kiume. Paroko alikuwa ametueleza Jumatano moja kwamba anayeingia kwenye ndoa huku ameacha mlango wa nyuma wazi, hajaingia. Basi barua ile ilikuwa ndiyo kila kitu. Ningeitoa, angekuwa huru, angemuoa Mpangaji mbele ya altare ile ile, na wangekula mkate wangu wakiwa wameshikana mikono. Na mimi ningekuwa nani? Miaka kumi na miwili ya kupika, kufua, kuuguza na kulea, ije iandikwe kwenye karatasi yenye mhuri kwamba haikuwa ndoa. Nilikasirika, nikairudisha fomu kwenye bahasha yake.

Siku mbili baadaye Kinyozi alinifuata kwenye chumba changu cha kuokea, mchana, bado amevaa koti la kazi lenye nywele za wateja mabegani.

"Mama, ile barua unayo," alisema. "Nakujua, wewe hutupi karatasi."

"Barua ipi?"

"Unaijua. Mimi sikuombi unisamehe. Nakuomba useme ukweli tu."

"Ukweli niliusema siku ya harusi yetu mbele ya padre. Na wewe ulisema wako."

Mkono wake uliokota kipande kilichovunjika kwenye sinia, akakitazama, kisha akakirudisha taratibu pale pale alipokitoa. Kilikuwa unga tu, na alijua ni unga tu. Nilitaka kulia, nikajichukia kwa kutaka kulia, halafu nikamchukia yeye zaidi. Nilifunga chuma kwa nguvu hadi uji ukamwagika pembeni, nikamwambia nina kazi.

Mahakama ya jimbo si kama mnavyofikiri. Ni chumba chenye kabati la mafaili, mtawa anayepiga taipu na padre hakimu mwenye miwani ya kamba. Niliweka mkono juu ya Injili nikaapa. Tulipofika swali la tisa nilisema hapana. Akaniuliza tena, polepole, kama sijawahi kupokea barua yoyote ya namna hiyo kutoka kwa mwenzangu.

"Sijawahi," nikasema.

Lilitoka laini kama maji. Nilirudi nyumbani nikaichoma barua kwenye jiko la mkaa, nikabandika birika juu yake, nikanywa chai ya starehe. Nilijiambia namlinda binti yangu, asije akajua kwamba baba yake alioa kwa sababu ya tumbo. Huo ulikuwa uongo wa pili. Binti sikumfikiria hata kidogo. Nilimfikiria Kinyozi amekaa benchini, amezeeka, mikono mapajani.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano: ushahidi hautoshi, ndoa inasimama. Wanawake wa chama chetu walikuja kunipa mkono kama mtu aliyejifungua salama. Siku hiyo nilioka huku naimba.

Jumamosi nilikwenda kuungama kama kawaida yangu. Nilipiga magoti nikataja umbea na hasira, hilo lingine nikaliruka. Wiki iliyofuata nilipiga moyo konde nikalisema. Paroko akaniambia niende kule mahakamani nikaseme ukweli, kisha nirudi aniondolee dhambi. Nikamwomba kitubio kingine. Nilimwambia niko tayari kwa rozari, kufunga, chochote atakachotaja.

"Sikunyimi," alisema. "Ila njia ya kurudi inapita kule."

Nikamwambia kwamba huko sipiti, nikainuka nikaondoka. Tangu hapo nikawa nakwenda misa ya alfajiri, naketi nyuma ya nguzo, na watu wakienda kupokea mimi najifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nilikuwa tayari kukaa hivyo hadi kufa, mradi na yeye amekaa.

Harusi ilifika. Nilikaa benchi la kwanza kulia, na Kinyozi na Mpangaji benchi la kwanza kushoto. Maharusi walipokea, kisha paroko akashuka ngazi na ciborio, kile kikombe cha hostia, mkononi. Kinyozi akasimama. Mpangaji akasimama nyuma yake. Nikasema moyoni, atabarikiwa kichwa tu na kurudishwa, na kanisa zima litaona.

"Mwili wa Kristo," alisema paroko.

"Amina," alisema Kinyozi, akapokea. Na Mpangaji naye akapokea.

Nilimgeukia mwenyekiti wa chama chetu aliyekaa nyuma yangu, macho yamenitoka. Akaninong'oneza kwamba huenda ni mimi pekee nisiyejua. Walipokosa ile karatasi ya mahakama, walikwenda kwa paroko wakaahidi kuishi kama kaka na dada ili waruhusiwe kupokea, na ni mwezi wa nne sasa kila mtu analala chumba chake. Mpangaji mwenyewe ndiye aliyemwambia mwenyekiti, bila kuona haya.

Kinyozi ninamjua. Nimelala naye miaka kumi na miwili. Mwanaume yule amekubali kulala peke yake ili apate kula ninachooka, na mimi nilishindwa kusema neno moja la kweli mbele ya padre mwenye miwani.

Mstari uliisha. Paroko alisimama akisubiri, akitazama sakafu ili asinitazame mimi. Ningeweza kwenda. Asingeninyima, kwa sababu aliyoyasikia kwenye kitubio hawezi kuyatumia, na ningefungua mdomo tu. Niliapa uongo juu ya Injili bila kutetemeka, lakini kwa hili nilibaki nimekaa. Niliogopa, nasema wazi.

Binti yangu aligeuka kunitafuta. Akaniona nimekaa. Akashuka altareni, gauni lote likiburuta, akainama mbele yangu.

"Mama, twende. Wanakusubiri wewe."

"Nilionja hostia asubuhi nilipokuwa nazikata," nikasema. "Saa moja ya kufunga kabla ya komunyo haijatimia."

Aliangalia saa ya ukutani. "Tumeingia humu saa moja na nusu iliyopita, mama."

Akanitazama, na niliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo.

"Baba alisema kulikuwa na barua," alisema kwa sauti ya chini. "Ilikuwepo?"

Mungu anisamehe, hata hapo sikumjibu mwanangu. Nilichungulia kando ya shela lake kuona kama baba yake ananitazama, kama angalau amegundua kwamba nimebaki. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amepiga magoti, amefumba macho, anatafuna taratibu.