Kichochoro Kisicho na Watu

Kwanza tuelewane: Bi Tulia hakuwa mgomvi. Jina lenyewe alilipata kwa kuwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwapiga watu picha za vitambulisho, na kabla ya kufyatua alisema neno moja tu, "Tulia!" Hata wasiojua jina alilopewa na wazazi wake walilijua hilo. Lakini asubuhi alipolikuta tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya kichochoro, na katikati ya tangazo akaiona picha aliyoipiga kwa mikono yake mwenyewe, utulivu wote ulimtoka. Alitamani kulichana alitafune.

Tangazo lilisema kichochoro kinachopita katikati ya jengo kitafungwa mwisho wa mwezi na kugeuzwa ghala, kwa sababu hakitumiki. Ushahidi ni picha iliyopigwa Jumanne saa nne asubuhi, siku ya kazi, ambayo haina mtu hata mmoja. Mwenye jengo angetoa uamuzi Ijumaa. Chini kulikuwa na sahihi ya msimamizi wa jengo, imepindwapindwa kwa madaha.

"Hakuna mtu!" Bi Tulia alisema kwa sauti, na watu wanne waliokuwa wakipita wakageuka kumtazama.

Picha yenyewe ilianza kama mchezo. Mvua za mwaka ule ziliotesha ukungu ndani ya lenzi yake, na fundi wa kusafisha lenzi akamwambia ndiyo basi tena. Kamera ilibaki nzima, ya filamu, ila haina jicho. Ndipo akakumbuka alichowahi kuambiwa na aliyemfundisha kazi, kwamba picha haihitaji kioo, inahitaji giza na tundu. Akachukua kile kifuniko cha plastiki kinachoziba mdomo wa kamera lenzi ikitolewa, akakitoboa katikati. Akakata kipande cha kopo la soda, akakidunga kwa sindano nyembamba kuliko zote aliyoiazima kwa fundi cherehani, akakisugua kwa msasa, kisha akakibandika juu ya lile tobo kwa utepe mweusi.

"Dada, sindano yangu ya hariri unatobolea makopo?" fundi cherehani alilalamika.

"Tulia, utarudishiwa."

Picha ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Ya pili vilevile. Tundu dogo namna ile huruhusu mwanga kuingia kwa kudokoadokoa, kwa hiyo lazima kamera iachwe wazi muda mrefu, juu ya miguu yake mitatu, bila kutikisika. Akajaribu sekunde kumi, ishirini, akaruka mpaka mia na hamsini ikatoka nyeupe pe. Aliharibu filamu mbili nzima. Alipofika sekunde hamsini, loo! Picha ilitoka na kila tofali la kichochoro, saa ya ukutani, cherehani, kiti cha msusi, hata nyufa za sakafu. Watu tu ndio hawakuwamo. Filamu ya hivyo haimshiki asiyetulia. Anayetembea hupita kama hakupita, na anayetikisika papo hapo huacha moshi kidogo tu.

Paka wa mshona viatu, aliyekuwa amelala juu ya debe, alitoka mpaka sharubu.

"Paka katoka, mimi mwenye paka sikutoka! Shemeji, huu ni upendeleo," mshona viatu alisema. Alimwita shemeji kwa utani tu, hakuna aliyemwoa mtu.

Msusi, mdogo wake Bi Tulia wa tumbo moja, ambaye tangu azaliwe hakujua kufunga mdomo wala kutuliza miguu, aligusa kijiwingu kando ya kiti. "Huyu ni mimi?"

"Ndiye wewe."

"Basi nimepungua."

Wakacheka wote. Picha ikatundikwa kwenye dirisha la studio, na hapo ndipo msimamizi wa jengo alipoiona. Alisimama, akarudi nyuma, akasogea tena. "Hii ni sanaa, mama. Naomba nakala nikatundike ofisini." Tangu simu zianze kupiga picha hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bi Tulia neno kama hilo. Sifa zilimlevya. Akamsafishia nakala kubwa, na kwa mazoea yake akaandika nyuma kwa penseli, mstari wa kwanza siku na saa, mstari wa pili jinsi ilivyopigwa. Akamkabidhi kwa mikono miwili, mjinga wa watu!

Sasa mdogo wake alikuwa mbele ya tangazo, kitana mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Miaka mitano alikuwa na kiti pale. Wateja wake walimjua pale, na pengine pa kwenda hakuwa napo.

"Dada," alisema mwishowe, "umenifuta."

"Mimi? Mimi ndiye nimeandika haya?"

"Picha ya nani?"

Fundi cherehani alimalizia kwa kusema mchuma janga hula na wa kwao, akainamia kitambaa chake. Tangu saa ile mdogo mtu hakumwamkia tena dada yake. Alipita mbele ya studio kama anapita mbele ya ukuta, na hilo lilimuuma Bi Tulia kuliko tangazo.

Alipanda ofisini kwa msimamizi damu inamchemka. Picha ilikuwa mezani, imetiwa fremu ya dhahabu ya bandia.

"Unajua fika kwamba palikuwa na watu," alisema. "Huu moshi kando ya kiti ni mdogo wangu!"

"Mama, huo ni uchafu wa karatasi."

"Uchafu? Mdogo wangu ni uchafu?"

"Picha hazisemi uongo. Si ndiyo kazi yako hiyo?" Akatabasamu. "Na usijisumbue kwenda kwa bibi. Wapangaji wote huwa wanalia."

Bibi ndiye mwenye jengo. Miguu ilikuwa imemkatalia safari siku nyingi, na jengo lake alilijua kwa karatasi alizopelekewa na msimamizi huyohuyo. Bi Tulia alishuka ngazi. Hana haya, hana soni, alisema moyoni, na mimi ndiye niliyempa fimbo ya kutuchapia.

Alipofika ngazi ya mwisho akasimama. Kama picha ndiyo anayoiamini bibi, basi atapelekewa picha.

Jumatano saa nne kasoro alitega kamera mahali palepale, mlangoni mwa studio. Akamwendea kila mtu. Wapita njia aliwashika mkono, akawaeleza, akawaomba wasimame walipo. Fundi cherehani aliguna lakini akakubali. Mdogo wake alikuwa anamsuka mteja, akajifanya hasikii.

"Sekunde hamsini tu," Bi Tulia alimwambia. "Nikushike vizuri. Nakuomba, mwanamke wewe, maishani mwako mara moja tu."

Akarudi kwenye kamera. Hakuwa na hakika. Akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka mwisho wa kichochoro, "Tulia!" na akaachia tundu.

Kichochoro kikanyamaza. Fundi cherehani aliweka mguu juu ya kikanyagio asikikanyage. Mshona viatu aliinua nyundo akaiacha hapohapo. Wachukuzi wawili walisimama na magunia begani. Na msusi alisimama kitana kikiwa kichwani mwa mteja, midomo ameibana, macho yanamwangalia dada yake.

Bi Tulia alikuwa amefika sekunde ya sita aliposikia viatu. Msimamizi huyo!

"Nini hiki? Maigizo?" Akaingia kati, akaenda mpaka mwisho, akarudi, mikono inapepea. "Nyie hamna kazi? Wewe fundi, nasema nawe!" Alizunguka cherehani, akamnyooshea msusi kidole, akageuka, akaenda tena. Hakuna aliyepepesa. Jasho lilimtoka mchukuzi mmoja mpaka kidevuni. Ishirini na tisa, thelathini. Msimamizi alikuwa akipiga kelele kwa watu na kamera kaipa mgongo, na alipokumbuka kuitafuta, Bi Tulia alikwisha kufika hamsini.

"Asanteni," alisema, akaziba tundu.

Ijumaa dada hao wawili walikaa sebuleni kwa bibi, kila mmoja ncha yake ya kochi. Msimamizi alikuja na picha yake ndani ya fremu. Bibi aliishika, akaisogeza kwenye miwani yake minene.

"Na hivi vijiwingu ni nini?"

"Uchafu wa karatasi, bibi."

Bi Tulia akampa ya pili. Bibi alihesabu kwa kidole, taratibu. "Kumi na tisa. Na paka."

"Maigizo hayo!" msimamizi aliruka. "Walipangwa! Mimi nilikuwapo, bibi, naapa, nilipita katikati yao mara sita, nikiwakemea kwa mdomo wangu huu, na wameganda tu!"

"Ulikuwapo?"

"Tangu mwanzo mpaka mwisho!"

Bibi aliitazama picha tena. "Mbona sikuoni?"

Msimamizi aliichukua. Alitafuta kwa fundi, akatafuta kwa msusi, akaigeuza kuelekea dirishani. Mwishowe akagusa kijivu kidogo karibu na cherehani. "Huyu... huyu hapa ni mimi."

"Huo," bibi alisema, "si ni uchafu wa karatasi?"

Msusi alitoa sauti puani, akajizuia.

"Bibi," Bi Tulia alisema, "mwambie aifungue fremu."

Msimamizi hakutaka. Bibi aligonga sakafu kwa mkongojo mara moja, naye akafungua. Nyuma ya picha, chini ya siku na saa, mwandiko wa penseli ulisema: *Tundu la sindano, sekunde hamsini. Wanaotembea hawatoki. Msusi ni huo moshi.*

"Ulisoma hapa?" bibi aliuliza. Msimamizi alianza kusema jambo kuhusu kazi nyingi, akaliacha njiani.

"Mstari wa kwanza umeunakili vizuri kwenye tangazo," bibi alisema. "Basi kichochoro hakifungwi. Kina watu kumi na tisa. Ambaye hayupo ni msimamizi, na nitamtafuta mwingine."

Mdogo mtu alisogea kwenye kochi mpaka bega likagusana na la dada yake, akaanza kulia na kuongea kwa pamoja, kama kawaida yake. Bi Tulia alimwacha aongee. Alikuwa bado amekasirika. Alinyoosha mkono kwa msimamizi.

"Picha yangu," alisema. "Fremu baki nayo."