Mkono Unaosikia

Mimi ni fundi wa mabomba, na mtu asinifundishe habari za kuziba. Nusu ya mabomba ya Kaloleni nimeyazibua kwa mikono hii. Kwa hiyo Valarie aliposema kwamba mwilini kuna kitu Wachina wanakiita chi, nguvu ya uhai inayopita kwenye njia zake, na kwamba kwa mke wangu njia ya mkono wa kushoto imekwama, nilimwelewa upesi kuliko alivyotaka.

"Si bomba, Mzee," akaniambia. Kazi ya kutibu kwa sindano aliisomea China, na ana chumba chake hapa mjini Kisumu, juu ya duka la viatu. "Dawa za presha za hospitali asiache. Mimi nitamchoma sindano kila Jumatano. Wewe nyumbani umbonyeze hapa, mkono huu wa kushoto, kati ya kidole gumba na kinachofuata, dakika kumi kila asubuhi."

Tangu mke wangu, jina lake Wangu, apigwe na kiharusi, binti yetu Ivy alikuwa ameapa: mama asipoweza kushika kikombe kwa mkono huo wa kushoto kufikia Pasaka, anamchukua akakae naye Nyeri. Kwenye simu nilikuwa najichekesha. Nikishaikata, nakaa kitandani na hofu yangu.

Asubuhi ya kwanza Wangu akanipa mkono wa kulia, ule mzima.

"Valarie alisema wa kushoto," nikamwambia.

"Ulikuwa umeshatoka nje. Alisema nguvu ianzie kwa mzima, ivuke."

Ningebishaje? Bomba likiziba, unaanzia upande wenye maji. Wiki tano nikaubonyeza mkono mzima kwa bidii, chai ikipoa.

Jumatano ya mwisho kabla ya Pasaka Valarie akataka kuona ninavyofanya. Nikashika wa kulia.

"Mzee, nani alikuambia hivyo?"

Nikamgeukia Wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

Kwenye ngazi nikamfokea. Wiki tano zimepotea, nikasema, na Ivy anakuja Ijumaa! Wangu akasimama, akaegemea ukuta.

"Huu wa kushoto hausikii kitu, Baba Ivy. Huu unakusikia. Miaka thelathini na sita hujawahi kunishika mkono. Nikasema kabla sijapelekwa Nyeri, na mimi nishikwe."

Hasira ikaniisha, nikabaki na aibu. Nikamshika mkono mpaka chini barabarani, watu wakituangalia.

Ivy alifika Ijumaa Kuu na begi kubwa tupu la nguo za mama yake. Akampa kikombe mkono wa kushoto. Kikaponyoka, chai ikatapakaa mezani. Nikavuta stuli, nikauchukua mkono ule nikaanza kuubonyeza, na wa kulia nikauweka gotini kwangu.

"Baba, unafanya nini?"

"Dakika zangu kumi. Na mama yako haendi popote. Kikombe nitamshikia mimi."

Ivy akatutazama sana, machozi yakimlengalenga. Kisha akachukua kitambaa, akapangusa meza, na lile begi akalisukuma kwa mguu chini ya kitanda.