Aliyemng'oa Mzee Mwambire

Kahonzi alishuka Korongo la Vidzuni akiwa na chupa ya pombe ya mnazi kikapuni, kaifunika kwa majani ya kisamvu. Mdomoni aliacha nafasi ya jina moja ambalo bado alikuwa halijui.

Langoni askari alimdai tikiti.

"Tikiti ya nini, mwanangu? Si mnaonyesha magofu hapa? Basi mimi ni mmoja wao. Nimechelewa kazini tu."

Askari alicheka hadi kofia ikamdondoka, na alipoinama kuiokota, bibi alikwishajichanganya na walimu waliotoka Kilifi kutembea siku ya Jumamosi.

Kicheko kiliishia hapohapo. Mwaka uliopita, 1985, kigango cha marehemu mumewe, gogo la kumkumbuka, kiling'olewa nyumbani usiku, pakabaki shimo. Mwambire alipokufa alimjia mwanawe Gona ndotoni, akadai achongewe. Akachongewa gogo lenye kichwa cha duara na mistari ya meno ya pembetatu iliyochongwa kifuani, likasimikwa karibu na zizi, likanyweshwa mnazi. Kitu hicho kikishasimama hakihamishwi. Hata mji wote ukihama, chenyewe huachwa palepale na koma wake, roho ya marehemu.

Tangu king'olewe, binti yake Kache alikuwa amezika watoto wawili. Wa tatu, Kavumbi, alikuwa hospitali wiki ya pili, tumbo limejaa, na ukimpitishia kidole usoni macho hayakifuati.

Mganga alisema hivi: "Mzee ana hasira, ila hakumwona aliyemng'oa. Anapiga ovyo, kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Mpelekeeni jina la aliyemng'oa, atawaacha watoto amgeukie huyo."

Ndipo jirani mmoja, muuza mabuyu, akaja na habari kwamba huko Vidzuni kuna kigango kimesimamishwa wageni wakitazame, na mstari mmoja wa meno yake umepinduka juu chini. Kahonzi alikaa chini. Mchongaji wao alikuwa amelewa siku ile, na mstari ule ulipopinduka bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuucheka.

Gona alikuwa akifanya kazi hukohuko Vidzuni, kutembeza wageni. Mara ngapi alimkataza mama yake asije! Ngazi ni nyingi, mayo, magoti yatakufa. Labda hakukitambua, alijiambia bibi njia nzima. Vijana hawaangalii vitu.

Gona alitokea chini ya ngazi, shati la kaki, kirungu kwapani. Alisalimia walimu mmoja mmoja. Alipomfikia mama yake aliyekuwa nyuma kabisa, alikihamishia kirungu kwapa la pili.

"Shikamoo, nyanya," akasema, kama anavyomwambia bibi wa mtu yeyote.

Kahonzi alimtazama. "Marahaba, bwana mkubwa. Tutembeze."

Akawatembeza. Akawaonyesha msikiti wa kale uliobaki kibla na kuta mbili, kisima kilichojaa popo, kaburi lenye mnara uliopasuliwa na mizizi. Pande zote mbili genge la mawe lilisimama jekundu, na huko chini mto ulipita mwembamba, rangi ya chai. Kisha wakafika penye kigango, kimesimama katikati ya saruji. Mstari wa tatu wa meno ulikuwa juu chini.

"Na huyu?" aliuliza Zipporah, mwalimu mmoja mwenye kamera shingoni.

"Huyu ni sultani aliyejenga mji huu," Gona alisema bila kuinua macho. "Alikuwa na wake arobaini."

"Arobaini!" Kahonzi akaguta. "Maskini, na huyo mmoja tu alikuwa akimshinda!"

Walimu walicheka sana. Zipporah akamwambia, "Nyanya, wewe unamjua sultani?"

"Namjua mpaka anavyokoroma."

Walipokwenda mtoni kupiga picha, Kahonzi alizunguka nyuma ya kigango. Hapo chini, mahali ambapo mgeni hawezi kuona, palikuwa na kifuu cha nazi kilichopinduliwa. Udongo wa pembeni ulikuwa umelowa na nzi wameukalia. Akachovya kidole, akanusa. Mnazi wa asubuhi ileile.

Hakuhitaji kuuliza. Mwizi wa kuja hajui kwamba huyu hunyweshwa. Anayejua, na hana faida ya kupata, hathubutu kumng'oa. Aliyebaki ni yule anayejua, akang'oa, na sasa anaogopa.

Gona alikuwa nyuma yake.

"Umemkata miguu," alisema mama.

"Hakuenea kwenye gari, mayo."

"Ulituambia wezi."

"Mwenye mahali hapa alitaka kitu cha kuonyesha. Kuta peke yake wageni hawazitaki. Tuliotaka kazi tulikuwa wengi, na mimi tu ndiye niliyekuwa na... Lakini kila siku nampa chake. Namwomba radhi. Sijakosa hata asubuhi moja."

"Unamwomba kwa jina gani?"

Gona alitazama mto.

"Nakuuliza, Gona. Unamwambia ni nani anayeomba?"

"Simwambii."

"Watoto wa Kache wawili wako chini, na wewe unamnywesha babako kimyakimya asikujue."

"Mayo, nina miaka ishirini na sita." Sauti ilikuwa ndogo kama ya siku alizokuwa akikojolea mkeka. "Ukinitaja, nimekwisha."

Kule mtoni walimu walikuwa wakiitana wajipange picha. Kahonzi alitoa chupa, akageuza kifuu, akakijaza. Gona akafumba macho.

"Mwambire," bibi aliita, na mnazi ukamwagika juu ya saruji. "Mimi Kahonzi. Unamtafuta aliyekung'oa, basi usihangaike na vitoto visivyojua hata kunawa. Ni mimi. Nilichoka kukuona kila nikifagia, umekodoa macho kama unangoja ugali. Nikasema nikupeleke ukakae na mawe wenzako. Kavumbi muache. Nimemaliza."

Katika ndoa ya miaka thelathini Mwambire hakuwahi kujua ni lini mkewe anamtania. Leo ilibidi asijue tena.

Gona alifumbua macho yamejaa machozi, akanyoosha mkono amshike bega.

"Toa mkono!" Kahonzi alimkemea kwa mnong'ono. "Asije akatuona pamoja. Na hiki kifuu nakichukua. Kuanzia leo humpi kitu, humsemeshi. Kwako wewe huyu ni sultani. Nenda kwa wageni wako."

Alianza kupanda ngazi peke yake, kifuu kikapuni. Alikuwa amezihesabu wakati wa kushuka, zilikuwa tisini na mbili. Alipofika ya thelathini, mguu wa kushoto ulikufa ganzi kuanzia kwenye unyayo hadi gotini, ukawa mzito kama umejengewa saruji.

Akaegemea genge, akavuta pumzi.

"Umeanza mapema, mzee," akasema. Akauinua mguu kwa mikono miwili, akauweka kwenye ngazi ya thelathini na moja.