Nenda, Nakushikia

Ndani ya banda la kubangua lozi, mdomo ulikuwa na kazi moja tu, kula, na hata hiyo ilifanyika nje. Mashine zilipoanza kunguruma alfajiri, sauti ya mtu ilimezwa kabla haijamtoka kinywani, ikabaki mikono ndiyo iseme. Ngumi juu: simamisha mkanda unaopitisha lozi. Kidole cha mwisho kikisimama peke yake: kibovu kimekupita. Gumba kuelekea midomoni: chai. Na mtu alipotaka kutoka kidogo, jirani yake alijipiga kifuani mara mbili, kisha akalaza kiganja kwenye ukingo wa mkanda: nenda, nakushikia nafasi. Anayeondoka naye aligusa kichwa: narudi.

Hakuna aliyejua ni nani aliyezibuni ishara hizo. Bibi Mohinder, aliyechambua lozi ng'ambo ya mkanda akitazamana na Nirvair Singh, alisema alizikuta, na yeye aliajiriwa zamani, meno yake yote yakiwa bado ni yake.

Nirvair hakuzipenda. Aliziona kama lile vumbi la kahawia lililomganda kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya kilemba: kitu cha kukung'utwa mlangoni kabla ya kuingia nyumbani. Lakini vumbi halikung'utiki lote. Jioni moja aliketi mezani kwake, akainua gumba kuelekea midomoni bila kujijua, na binti yake Jasnoor, mwenye miaka saba na macho yasiyoachia kitu kipite, akauliza, "Baba, hiyo ni nini?"

Tangu hapo hakumpa pumziko. Alizitaka zote. Nirvair alimfundisha moja moja, kwa mzaha, huku Kulbir mkewe akigeuza chapati na kulalamika kwamba ameolewa kwenye nyumba ya mabubu.

"Kwa nini hamsemi tu?" mtoto aliuliza.

"Kuna kelele, mwanangu. Penye kelele mtu haharibu sauti yake. Anatumia mikono."

Jasnoor aliitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama mtu aliyeambiwa mahali ufunguo unapowekwa.

Majira hayo ya joto walikuwa wamehama kutoka kaskazini, wakaja Kerman, mji mdogo wa mashamba ya lozi, kufuata kazi ya banda, na Agosti mtoto akaanza shule mpya. Wiki ya tatu ya Septemba simu ikalia. Alikuwa mwalimu, na pamoja naye mkalimani wa Kipunjabi aliyezungumza taratibu, kama daktari. Jasnoor, alisema, hajatamka neno hata moja darasani tangu shule ifunguliwe. Hata jina lake.

"Mtoto gani?" Kulbir alimnyang'anya mumewe simu. "Huyu huyu wa kwetu? Muulize vizuri mwalimu, asije akawa amekosea namba. Huyu wa kwetu anaongea hata akipiga mswaki!"

Hawakuwa wamekosea namba. Shule ilikuwa ikifikiria kumhamishia upande wa pili wa mji, kwenye darasa dogo la watoto wenye shida ya kusema. Wazazi walitakiwa kutoa jibu kufikia Ijumaa.

Walipokata simu, nyumba ilikuwa imejaa sauti ya mtoto aliyekuwa bafuni akimsimulia mwanasesere habari za paka wa jirani. Nirvair alisimama mlangoni.

"Jasnoor, leo mlifanya nini shuleni?"

"Hakuna kitu," alisema Jasnoor, akarudi kwa paka.

Nirvair alilitambua neno hilo. Lilikuwa neno lake mwenyewe. Kila jioni Kulbir alipomuuliza habari za kazini, hivyo hivyo ndivyo alivyojibu, huku akivua viatu. Hakuna kitu. Hakuwahi kudanganya. Aliona tu kwamba siku nzima ya lozi zikipita haina mahali mtu anaweza kuanzia kuisimulia. Sasa akajiuliza ndani ya ile "hakuna kitu" ya mtoto mlikuwa na nini.

"Tukubali," Kulbir alisema usiku huo, macho yamemvimba. "Wao ndio wanaojua mambo ya watoto. Sisi tunajua nini?"

"Ndiyo maana nataka kwenda kuona."

"Kuona nini? Mtu amtazameje mtoto anavyonyamaza?"

Nirvair alijua tu kwamba hawezi kuamua jambo la mtoto wake kwa kusimuliwa.

Ni Bibi Mohinder aliyemfungua macho, wakati wa chai, wameketi juu ya kreti nyuma ya banda. "Una saa zako za shule, mjinga wewe," alisema, akichovya mkate. "Kila mzazi anazo kwa mwaka, za kutoka kazini kwenda shuleni kwa mtoto. Sheria ya jimbo. Mwanangu wa pili alipocheza ngoma, nilikwenda nikakaa mbele kabisa. Alicheza vibaya, lakini nilikwenda."

Ofisini alikuwapo Rosalba, aliyetoa ruhusa za wafanyakazi, mwanamke mwenye kicheko cha karibu na miwani iliyoning'inia kifuani.

"Kuna nini shuleni hiyo Jumanne unayoomba? Mchezo wa kuigiza?"

"Hapana."

"Zawadi? Mbio?"

"Hapana, dada."

"Basi amepigana."

"Angepigana ningefurahi. Angalau kungesikika kitu."

Rosalba alivaa miwani ili amwone vizuri. "Sasa Jumanne kuna nini, Nirvair?"

"Jumanne kuna Jumanne. Wanasoma. Nataka kukaa nyuma nimtazame binti yangu."

"Sheria inasema shughuli za shule, kaka."

"Kusoma si shughuli?"

Rosalba alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alitazama dirishani, malori yalipokuwa yakimwaga lozi katikati ya wingu la vumbi. "Watu huja hapa kuomba ruhusa ya mahafali," alisema, "ya mechi, ya kuitwa na mwalimu mkuu. Mimi mwenyewe wangu wamekua hivyo hivyo, nikiwaona siku za sherehe tu. Wa kwenda kutazama Jumanne, wewe wa kwanza." Alivua miwani. "Nenda. Asubuhi tu, mchana uwe umerudi. Ila ni mavuno, unajua. Ruhusa nakupa mimi, lakini msimamizi akikuta nafasi yako iko wazi, atamweka mtu mwingine, na wewe ukirudi utajikuta kule kwenye machekecheke. Na hicho kifua chako hakiwezi lile vumbi."

Nirvair aliijua sauti ya kifua chake usiku. Alirudi mkandani akiwa mzito. Aliinama kuelekea kwa Bibi Mohinder, akaonyesha mlango, akaonyesha kimo cha mtoto. Mama yule alimtazama kwa muda, mikono yake ikiendelea kuchambua yenyewe. Kisha akajipiga kifuani mara mbili, akalaza kiganja upande wake Nirvair wa mkanda.

Jumanne asubuhi, darasa zima liligeuza shingo. Nirvair alikuwa ameoga mara mbili na kufunga kilemba cha rangi ya samawati, kile cha arusi za watu, lakini walimpa kiti cha mtoto, na magoti yake yakafika karibu na ndevu. Mwalimu Hanley, kijana mwembamba aliyevaa soksi mbili zisizofanana, alimkaribisha kwa mikono miwili kisha akamwacha, na Nirvair akamshukuru kimoyomoyo.

Jasnoor alimwona. Hakutabasamu. Alikunja midomo kama anavyokunja akibebeshwa glasi iliyojaa.

Mwalimu aliita majina. Watoto waliitikia, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kupiga kelele, wengine kwa kupiga miayo. Ilipofika zamu ya Jasnoor, palikuwa na pengo. Mwalimu akaweka alama, akasonga mbele, bila ukali, kama mtu anayevuka kidimbwi alichokizoea. Zamu ya kusoma kwa sauti ikafika mezani pake, ikamruka. Nirvair aliinamisha kichwa. Ni kweli, basi. Nyumbani alikuwa na mto unaofurika, na hapa palikuwa na mchanga mkavu. Aliwaza jinsi atakavyomwambia Kulbir, na kama lile darasa la upande wa pili lina madirisha makubwa.

Kisha mwalimu akawaambia watoto wajenge daraja kwa vijiti na gundi, kila meza lake. Viti vikakwaruza sakafu. Watoto wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Mezani kwa Jasnoor walikuwa wanne. Mvulana mmoja mnene, Mateo, alikuwa akipanga vijiti haraka haraka. Ghafla ngumi ndogo ikainuka hewani. Mateo akasimama pale pale, kijiti mkononi. Wote wakasimama.

Nirvair aliinua kichwa.

Ngumi ilikuwa ya Jasnoor. Sasa kidole chake cha mwisho kilisimama peke yake, kikaelekea kijiti cha tatu kutoka mwisho. Mateo akainama, akakikuta kimepasuka, akakichomoa. "Kibovu kimenipita," alisema kwa Kiingereza, bila kushangaa, na kazi ikaendelea.

Nirvair aliinuka nusu kwenye kile kiti kidogo. Aliwatazama kama mtu aliyesikia lugha ya kwao katika kituo cha treni cha nchi ya mbali. Msichana mwenye misuko alipeleka gumba midomoni, akaenda kunywa maji. Mwingine alipotaka kwenda msalani, Jasnoor alijipiga kifuani mara mbili, akalaza kiganja mezani, na yule akagusa kichwa, akakimbia. Lile daraja lilikua kimya kimya katikati ya makelele ya darasa, na watoto wanne walikuwa wakizungumza bila kupumzika.

Wala ishara hazikuwa za banda peke yake. Jasnoor alizungusha vidole viwili hewani, wote wakacheka. Alikunja kiganja kama bakuli, akakipeleka sikioni, na Mateo akatikisa kichwa kukataa. Hizo Nirvair hakuzijua. Aliegemea mbele mpaka kiti kikalia. Alitamani kumshika mtu bega amuulize: ile nini? Na ile?

Mwalimu Hanley alikuja akachuchumaa kando yake. "Nilidhani ni mchezo wao," alisema kwa sauti ya chini. "Meza ya pili nayo imeanza. Wewe unaelewa?"

Kiingereza cha Nirvair kilitosha kununulia vipuri vya gari. Alitafuta maneno, akayakosa, akainua ngumi. Upande wa pili wa chumba, bila hata kuangalia ni nani, Mateo akasimama na kijiti mkononi.

Mwalimu alimtazama Mateo, akamtazama Nirvair, akakaa chini kabisa sakafuni. "Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo. Hii imetoka kwako?"

"Kazini kwangu," Nirvair alisema.

Mapumzikoni alimkuta binti yake kwenye ukuta wa uwanja, akamenya chungwa, wakagawana.

"Mwanangu, mbona darasani hutumii mdomo?"

Jasnoor alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Baba, kuna kelele."

"Kelele gani?"

"Sikiliza."

Nirvair, aliyetoka kwenye mashine, alikuwa ameihesabu shule ile kuwa mahali patulivu. Alifumba macho. Kengele. Feni iliyokwaruza mahali. Mamia ya miguu juu ya saruji, filimbi, mpira ukigonga ukuta, na juu ya yote Kiingereza cha watoto, cha haraka, kikimwagika kutoka kila upande kama lozi kutoka kwenye lori. Alijaribu kukamata neno moja. Likapita.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Kuna kelele."

"Ulisema mtu asiharibu sauti yake."

"Nilisema."

Jasnoor alitema mbegu kiganjani, akaitazama. "Ikipungua nitasema. Mateo nilishamwambia kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Baba! Ni siri."

Alipoaga, alimwambia mwalimu kwa maneno machache aliyokuwa nayo: abaki hapa. Mwalimu hakuahidi. Uamuzi haukuwa wake peke yake, alisema, lakini Ijumaa atawaeleza wakubwa alichokiona. "Unaweza kuwepo siku hiyo? Uwaonyeshe?"

Nirvair aliwaza msimamizi, machekecheke, na mikono ya mama mzee aliyekuwa wakati huo akichambua pande mbili za mkanda. "Nitaomba," alisema.

Mlangoni aligeuka. Watoto walikuwa wamerudi kwenye vijiti na gundi. Jasnoor alikuwa akimngoja ageuke. Alijipiga kifuani mara mbili, akalaza kiganja juu ya meza.

Nirvair aligusa kilemba chake. Narudi.

Ndipo mtoto alipoongeza moja nyingine, ya haraka: vidole vitano vilivyofumbwa vikafumbuka taratibu chini ya kidevu. Kisha akageukia daraja lake.

Ishara ile hakuijua. Njiani aliijaribu juu ya usukani, kwa mkono mmoja, kwenye kila taa nyekundu, mpaka dereva wa pembeni akamkodolea macho.

Alikuta nafasi yake ikimngoja, na Bibi Mohinder amelowa jasho mpaka kwenye shela. Mama yule aliinua nyusi: vipi? Nirvair alitafuta ngumi, akatafuta gumba, akatafuta kidole cha mwisho. Hakuna iliyotosha. Mashine zilinguruma, lozi zikapita. Akafumba vidole vitano chini ya kidevu, akavifumbua.

Bibi Mohinder alikunja uso. Maana yake?

Nirvair alipandisha mabega. Hajui bado. Akachukua upande wake wa mkanda, na ng'ambo, kati ya lozi moja na nyingine, akamwona mama mzee akiijaribu.