Kile Ambacho Pusipusi Haibebi

Gunia la taka la Pascaline lilirudishwa kwa mara ya pili, na safari hii alitaka kujua sababu. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mteremko wa barabara yao, huko Kadutu. Mwezi uliopita takataka ziliziba mfereji, mvua ikaja, na maji yakaingia hadi sebuleni. Tangu hapo chama cha usafi kilileta pusipusi ya kukusanya taka kila Jumamosi, lakini kwa sharti: asubuhi hii magunia yasipofaa tena, kigari kitahamia mtaa mwingine.

"Papa Bruno, sema wazi," alimwambia msukuma pusipusi. "Gunia yangu iko na makosa gani?"

Bruno alitandika turubai, akalimwaga gunia. Zikatoka nepi, betri za redio, nywele za bandia, karatasi za maandazi zilizolowa mafuta, na rundo la mifuko laini ya plastiki.

"Haya yote hatubebake, maman, hakuna mutu anainunua. Chupa za plastiki ziko wapi? Bidon ya mafuta? Sufuria ya kutoboka?"

Pascaline alimkodolea macho. "Chupa? Mutu mwenye akili anatupa chupa muzima?"

Bruno akaangua kicheko. "Avenue yote munasema vile! Munatupatia ile hakuna mutu anataka. Ile tunataka, munaficha!"

Ilikuwa kweli. Chini ya kitanda cha Pascaline chupa zilijaa tele. Alimtunzia wifi yake Adolphine, aliyeuza mawese sokoni. Kila nyumba ya barabara ile ilimtunzia mtu: muuza mafuta, muuza maziwa, muuza pombe ya ndizi.

Adolphine mwenyewe, aliyekuja kuchukua chupa zake, alisimama mlangoni, kikapu miguuni, mikono kiunoni, akimkabili wifi yake.

"Mulamu, ukimupa hizo, mawese nitaweka mu mukono?"

"Na maji ikirudi mu salon, utakuja kulala ndani yake?"

Bruno alichukua chupa kuukuu kutoka kikapuni mwa Adolphine, akainusa, akageuza uso. "Hii pia hapana. Mafuta inaharibu zingine."

Pascaline akaanza kuwaza. Chupa safi alizihitaji Adolphine. Chupa zilizochakaa hakuzihitaji mtu. Zilijazwa mara nyingi mno, na harufu yake iliharibu mawese mapya. Adolphine hakuzitumia, wala hakuzitupa. Je, zikioshwa?

Alichota majivu jikoni, akayatia chupani pamoja na maji ya moto, akatikisa kwa nguvu, akasuuza. Bruno aliiinua chupa juani. Akainusa. Akainusa tena, kisha akaitupa ndani ya pusipusi.

"Hiyo, ndiyo."

"Basi lete majivu!" Adolphine alipiga kelele. "Ziko nyingi, zimenijazia nyumba."

Majirani waliokuwa wakichungulia wakakimbilia chupa kuukuu za kwao na kuziosha. Pusipusi ilijaa hadi pomoni.

"Samedi nitarudi hapa hapa," Bruno aliahidi kwa Jumamosi iliyofuata, akikaza kamba.

Pascaline alishusha pumzi, lakini macho yake yalibaki kwenye turubai. Mifuko laini ndiyo hasa iliyoziba mfereji.

"Na hizi sashe, nani anabebaka?"

"Hakuna mutu, maman. Bado."

Pascaline aliinama, akaanza kuivuta mmoja mmoja, aone upi unakatika na upi unavumilia.

"Mulamu," aliuliza, akisokota mfuko mmoja kama ukindu, "weye unajuaka kusuka kikapu?"

"Najuaka," Adolphine alijibu, akirudi nyuma hatua moja. "Lakini usianze!"