Kikohozi cha Stoo

Mfamasia alikuwa dirishani akihesabu vidonge wakati ukuta wa nyuma ulipokohoa. Hakugeuka. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na stoo, na katika hospitali ile kikohozi si habari. Mbele ya foleni alisimama wifi yake, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na kifafa, na dawa ilikuwa imemwishia.

"Bado, wifi," alisema mfamasia. "Stoo wanasema hakuna."

"Jana ameanguka tena. Safari hii hata hakulia."

Mfamasia akafunga dirisha, akaenda stoo. Alikuwa amechoka kusema hakuna, na aliyekuwa mgongoni pale ni damu ya kaka yake.

Mtunza stoo, ambaye wote walimwita Funguo, hakuwa mtu mbaya. Mzigo mpya ukija, wapakuaji huwa hoi, basi huubwaga mlangoni na kuusukumia wa zamani ndani, naye hutoa kile ambacho mkono unakifikia. Aliangalia mlangoni, akaona glavu, akajibu hakuna. Kikohozi alikijua. Kilianza zamani, alisema, na sasa kinambembeleza usingizi wa mchana.

Mfamasia akaanza kuhamisha maboksi, wifi yake akimsaidia. Nyuma kabisa dawa ya kifafa ilikuwa imejikunyata, maboksi yakikohoa kwa zamu. Alibandika kiganja juu ya moja, akakuta lina homa. Muda wake wa matumizi ulikuwa umepita wiki iliyotangulia.

"Tuliita," lilisema boksi, sauti imekauka.

Mfamasia aliona aibu iliyomkaa kifuani kutwa nzima. Wifi yake alisema tu kwamba kumbe ilikuwepo, akamkaza mtoto kwenye kanga, akaenda zake.

Maboksi yalichomwa moto, baada ya kunyweshwa maji kidogo. Mganga mkuu akaagiza ukuta upigwe plasta nyingine, wagonjwa wasisumbuliwe na kelele, na stoo asiingie mtu ila Funguo. Mzigo mpya ulipofika, dawa ya kifafa ilitangulia kushushwa. Glavu zikafuata, zikabwagwa mlangoni.

Wifi aliporudi hakwenda dirishani. Alipita hadi ukutani, mtoto mgongoni, akatega sikio kwenye plasta.

"Ipo?" aliuliza mfamasia.

"Ipo. Inapumua vizuri."

"Funguo anasema hakuna."

"Najua, wifi. Nitasubiri ianze kukohoa."

Mfamasia akampapasa mtoto kichwani, akarudi dirishani, akamwita anayefuata.